Mti wa Nne

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kidogo: yule mtaalamu hakutikisa tawi.

Aliinama tu, akatumbukiza kijiti ndani ya kopo, akakitoa na kukisogeza karibu na miwani yake, kisha akaandika. Halafu akaenda kwenye mti wa pili. Huko pia hakutikisa. Msichana aliyekuwa nyuma yake, amebeba mkoba na mwavuli wa mgeni, alibaki na mkono umeinuka nusu kuelekea tawini, kama mtu aliyetaka kumpungia rafiki barabarani halafu akagundua si yeye. Akaushusha.

"Twende, dada," mtaalamu alisema. "Jua halitusubiri."

Akaenda. Moyoni alijiambia kwamba waliosoma wana njia zao.

Kwenye kituo cha msitu walimwita Kimya. Mkuu wa kituo alipenda kuwaambia wageni, "Kimya kingi kina mshindo, lakini wa huyu wetu bado uko njiani, labda gari limeharibika." Wageni wakacheka, naye akatazama vidole vya miguu yake. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka aliofariki mama yake, kwa sababu nyumba ilihitaji mtu wa kuwasha jiko na hakukuwa na mwingine. Herufi aliziandika polepole, moja moja. Tarakimu alizijua vizuri. Kazi yake ilikuwa kufagia vyumba viwili vya ofisi, kuchemsha chai, na msimu wa ukungu ukifika, kupima makopo.

Mlima wao ulisimama peke yake katikati ya jangwa. Chini, pande zote, palikuwa na mawe meusi, mchanga na miiba, mpaka macho yachoke. Mvua huko ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Lakini huku juu mlima ulikuwa umevaa msitu, kama mtu aliyevaa sweta wakati wenzake wote wanajipepea. Kila alfajiri ya msimu, wingu lilikuja kutoka mashariki, likaugonga mlima, likanaswa kwenye miti. Kulikuwa na mitarakwa mirefu iliyonyooka, na mizeituni mwitu yenye migongo iliyopinda, na yote, wazee kwa vijana, ilikuwa imeota ndevu za kijani zilizofifia zikining'inia kwenye matawi. Ndevu zile zilinyonya ukungu mpaka zikashiba, kisha zikadondosha. Tone, tone, tone, bila mvua hata kidogo. Ukisimama katikati ya msitu saa kumi na mbili asubuhi ungedhani kuna watu wengi wananong'ona, na kila mmoja anamwambia mwenzake neno moja tu.

Ardhi iliyanywa maji yale. Mwendo wa saa mbili kwa miguu, chini kabisa, yaliibuka tena kwenye chemchemi, yakaingia bombani, na mji mzima ukapanga foleni ya madumu ya njano.

Ndiyo maana msitu ulilindwa. Na ili wakubwa wajue kwamba bado unakamata maji, miti kumi na miwili ya ukanda wa chini iliwekewa makopo matupu ya rangi, kila kopo limekaa juu ya mawe matatu chini ya tawi moja. Kila asubuhi mtu alipita na kijiti chenye alama, akapima, akaandika kitabuni, akalimwaga kopo. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa baba yake Kimya. Mjini walimwita Mzee Kopo, naye aliitika kwa fahari, kama mwingine anavyoitika akiitwa jaji.

Magoti yake yalipogoma, miaka mitatu iliyopita, alimfundisha binti yake. "Unalishika tawi hapa. Unalitikisa mara moja, kwa nguvu. Unahesabu mpaka ishirini. Ndipo unapima." Hakusema kwa nini, na binti hakuuliza. Yeye alidhani ni salamu. Alidhani mti nao huamshwa, ukanawa uso, ndipo ukaulizwa habari za usiku. Matone ya baridi yakimwangukia shingoni, alicheka peke yake, na huko ndiko mahali pekee alipokuwa akicheka kwa sauti.

Mtaalamu, aliyetumwa na makao makuu kukagua makopo, alipima siku kumi. Siku zote kumi hakutikisa.

*

Siku ya kumi na moja, Jumanne, Kimya aliingia na birika la chai katika chumba cha Mkuu. Palikuwa na meza mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake haukufunguka mpaka upigwe teke chini kushoto, na ramani ukutani. Mtu alikuwa amechora mstari wa penseli kwenye ramani, ukikata ukanda wa chini kutoka kwenye msitu kama mtu anavyokata ukosi wa shati.

"Alama tano," mtaalamu alikuwa akisema. "Wastani wa siku kumi. Kitabu cha mwaka jana, siku hizihizi, ni alama kumi. Mwaka juzi, kumi. Mwaka wa nyuma yake, kumi na moja."

"Sasa ni tano."

"Tano, Mkuu. Msitu umepoteza nusu ya maji yake kwa mwaka mmoja."

"Mimi nimepoteza nusu ya nywele zangu kwa mwaka mmoja na bado naja kazini."

Mtaalamu hakucheka. Alikuwa kijana mpole, lakini utani ulimpita kama gari la mizigo. "Naona njia mbili tu. Ama miti ya ukanda ule inakufa imesimama, ama aliyekuwa akiandika kitabu hiki alikuwa akiandikia kitandani."

Chai ikafurika kikombeni, ikaingia kwenye kisahani, ikatambaa mezani.

"Taratibu, mama," Mkuu alisema. Kisha akamwambia mtaalamu kwa sauti ya chini, "Aliyekuwa akiandika ni baba yake. Na miaka hii mitatu ni yeye."

Mtaalamu aliona haya. "Samahani, dada. Sikujua. Sisemi kwamba... Nasema tu tarakimu hazikubaliani."

Kimya alifuta meza. Alifuta hata pale palipokuwa pakavu.

Mkuu aliigeukia ramani. "Wale wa kokoto wameandika barua ya tatu," alisema. "Wanataka huo ukanda wa chini, wapasue mawe. Miaka yote makao makuu wanawajibu: hapana, huo ni msitu wa maji. Sasa wewe unaniambia si wa maji tena. Ikiwa hauna maji, mbele ya sheria ni kuni zilizosimama. Alhamisi natakiwa kuitia sahihi taarifa yako."

"Mimi naandika nilichopima, Mkuu."

"Najua. Ndiyo shida yako."

*

Siku ile Kimya aliteremka mlima bila kuona njia. Tano na kumi. Kichwani tarakimu zile zilikimbizana kama kuku. Alijua kwamba yeye hakuwahi kuandikia kitandani. Alijua pia kwamba mtaalamu hakudanganya, maana alikuwa nyuma yake asubuhi zote kumi na kijiti alikiona kwa macho yake: tano, nne, sita, tano. Basi wote wawili wamesema kweli na kweli mbili hazifanani. Katika shule yake ya darasa la tano hawakufika kwenye hesabu hiyo.

Alifika kwenye foleni ya bomba, akasimama na dumu lake. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alilalamika kwamba maji leo yanatoka kwa kujivuta.

"Yanachoka?" Kimya aliuliza, na mwanamke akageuka kwa mshangao, kwa sababu hakuwahi kumsikia akiuliza kitu.

"Hayachoki, mdogo wangu. Ni koki imelegea. Hebu ipige hapo."

Kimya akaipiga. Maji yakaja kwa nguvu. Aliyatazama yakijaa dumuni, na ndipo mkono wake wa kuume, wenyewe tu, ukakumbuka tawi.

Nyumbani baba yake alikuwa amekaa mlangoni, miguu juu ya kigoda, akimenya njugu na kuzila zote kabla hazijafika bakulini.

"Baba, kwa nini tunatikisa?"

"Tunatikisa nini?"

"Tawi. Kabla ya kupima."

Mzee Kopo alicheka mpaka njugu ikampalia. "Kwani sikukwambia? Lo! Mwaka wa kwanza nilikuwa sitikisi. Nainama, nafungua kitabu, naandika, mara tone, pwa! Juu ya tarakimu. Wino unatambaa kama siafu. Mkuu wa wakati ule, yule mwenye kidevu kama jembe, alinigombeza mbele ya watu. 'Hiki ni kitabu cha serikali, si kitambaa cha jikoni!' Nikasema, sawa. Nikawa nayaangusha matone yote kwanza, ndipo nafungua kitabu. Tangu siku ile hakuna ukurasa uliolowa. Miaka ishirini na miwili. Nenda kavifungue vitabu vyangu. Utadhani viliandikiwa sebuleni."

Alisema hivyo kwa fahari kubwa. Binti yake alikaa chini, kwenye kizingiti.

"Na yale matone yaliyoanguka," alisema polepole, "yalianguka wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, Baba?"

Mzee aliacha kumenya. Alitazama njugu iliyokuwa mkononi mwake. "Mengine chini," alisema. "Mengine koponi, nadhani. Kopo si lipo hapohapo?" Kisha akamtazama binti yake. "Kwani kuna nini huko juu? Mtu anakisema vibaya kitabu changu?"

"Hapana, Baba. Nauliza tu."

Hakulala vizuri, na asubuhi hakujua kama alikuwa amefikiri au ameota. Akisema kwamba walitikisa, basi tarakimu za baba yake zote zilikuwa na maji ya kuongezea, na watu wa mji watamwita Mzee Kopo kwa sauti nyingine. Asiposema, msitu utaitwa maiti na kupasuliwa kokoto. Na kuna jambo lingine lililomchanganya zaidi: huenda kutikisa hakuhusiki kabisa. Huenda msitu unakufa kweli, na yeye anataka tu sababu ya kutoamini. Atajuaje? Majani yalikuwa ya kijani. Ndevu zilikuwa nene. Lakini hata mama yake, wiki ile ya mwisho, uso wake ulikuwa mzuri.

Jumatano alipanda mapema kuliko kawaida, akaenda kuangalia miti. Ukungu ulikuwa mzito, miti ya mbele ilionekana nusu nusu, ikija na kurudi. Alipita mmoja mmoja mpaka akafika kwenye mti wa nne. Huu ulikuwa mzeituni mwitu uliopinda, mkavu upande mmoja, ndevu zake chache kama za mvulana anayeanza kujisifu. Zamani uliandikiwa alama tatu tu siku zote, wakati wenzake walipata kumi na zaidi. Lakini tangu Kimya aanze kupima ulipanda mpaka sita. Baba yake alikuwa akiwaambia watu, "Wa nne umepona! Mti wa nne umepona kwa mkono wa binti yangu!" Kimya aliligusa shina lake. Alitaka kuuliza kitu, lakini hakujua ni kipi, na mti nao ulikuwa na tabia yake yeye: haujibu.

*

Alhamisi Mkuu alitoa muhuri, akatoa kalamu, akavaa koti. Mtaalamu alikuwa ameketi mbele ya taarifa yake, kurasa nne zilizopigwa chapa. Kimya aliweka chai mezani. Kisha, badala ya kutoka, alikwenda kwenye kabati na kulipiga teke chini kushoto.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Wanaume wote wawili waliruka.

"Mshindo umefika," Mkuu alisema.

Kimya alipiga magoti, akachomoa vitabu vya nyuma kabisa, viwili, vyenye jalada lililoliwa na mende. Akavifungua mbele ya mtaalamu, kimoja kando ya kingine. Cha kwanza kilikuwa na kurasa zilizojikunja, wino umesambaa kama mawingu, tarakimu zinaonekana kwa taabu. Cha pili kilikuwa safi kabisa.

"Hiki kililowa," mtaalamu alisema. Hakuelewa. "Ndiyo, nimekiona. Ni cha mwaka wa kwanza. Nilikiacha kwa sababu hakisomeki vizuri."

Kimya aliweka kidole juu ya tarakimu moja iliyotambaa. Mtaalamu aliinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Tano," alisema. Kidole kikasogea. "Nne. Tano. Hii ni... sita." Kidole kikahamia kwenye kitabu safi. "Kumi. Kumi. Tisa." Aliinua uso. "Sielewi. Mwaka wa kwanza tano, halafu ghafla kumi miaka yote, halafu mwaka huu tano tena? Ilitokea nini hapa katikati?"

Hapo ndipo ilipobidi aseme. Kidole hakiwezi kuonyesha kitu kisichoandikwa. Mkuu, ambaye alikuwa na utani kwa kila jambo, safari hii hakufanya utani. Alisogeza tu kikombe chake cha chai kuelekea kwake, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Tunatikisa," Kimya alisema.

"Mnatikisa nini, dada?"

"Tawi. Kabla ya kupima. Ili kitabu kisilowe." Alivuta pumzi. "Wewe hutikisi. Niliona siku ya kwanza. Nilidhani wewe unajua."

Mtaalamu alitazama kurasa zilizolowa, akatazama zile safi, akazitazama kurasa zake nne zilizopigwa chapa. Kisha akaanza kucheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima na zimo mfukoni.

"Kwa hiyo msitu..." Mkuu alianza.

"Sijui, Mkuu. Mpaka nipime kwa njia yao. Lakini kama ni hivyo, msitu upo vilevile tangu mwaka ule wa kwanza. Sisi ndio tuliobadilika."

"Na Baba?" Kimya aliuliza. "Alidanganya?"

Mtaalamu alifikiri. Kimya alimpenda kidogo kwa sababu alifikiri kwanza. "Alikosea," alisema. "Lakini alikosea vilevile kila siku kwa miaka ishirini na miwili, na kosa la namna hiyo mtu anaweza kulipima. Nisaidie jambo moja. Mlete. Nataka niuone mkono wenyewe."

Mkuu aliurudisha muhuri kwenye droo. "Kokoto watasubiri," alisema. "Mawe hayaozi."

*

Jumamosi gari la kituo lilimpandisha Mzee Kopo mlimani, amevaa shati lake la kazi ambalo sasa lilimpwaya. Alikwishaambiwa. Njia nzima alitazama nje, na Kimya, aliyekaa kando yake, hakujua kama amekasirika au anaona haya. Walipoingia kwenye ukungu, mzee alitoa mkono nje ya dirisha, akaufungua, akauacha hivyo mpaka ukalowa.

"Miaka mitatu sijasikia hii sauti," alisema.

Walimweka kwenye kigoda chini ya mti wa kwanza, kisha wakamhamisha wa pili, wa tatu, kama bwana harusi asiyejua kukaa. Kila mti mtaalamu alipima kwanza bila kutikisa. Kisha mzee akalishika tawi, akalitikisa mara moja, kwa nguvu, akahesabu ishirini kwa sauti, na mtaalamu akapima tena. Tano, kisha kumi. Sita, kisha kumi na moja. Tano, kisha kumi. Mtaalamu alilowa mpaka chupi, na karatasi zake pia zikalowa, wino ukatambaa.

"Unaona sasa?" Mzee Kopo alisema. "Unaona kwa nini?"

"Naona, mwalimu. Naona vizuri sana."

Kimya aliwafuata nyuma na mwavuli ambao hakuna aliyeutaka. Hakuelewa alichokuwa akikihisi. Msitu ulikuwa hai. Hilo lilikuwa zuri. Kitabu cha baba kilikuwa na kosa. Hilo lilikuwa baya. Lakini baba yake alikuwa akicheka, na mtaalamu alikuwa akimwita mwalimu. Kila kitu kilikuwa kimegeuka juu chini na bado kilikuwa kimesimama.

Walifika mti wa nne mwisho, kwa sababu njia yake ilikuwa na utelezi. Mtaalamu alipima bila kutikisa: moja na nusu. Mzee akatikisa, akahesabu ishirini.

"Tatu," mtaalamu alisema.

"Sita," mzee alisema.

"Ni tatu, mzee. Tazama."

"Haiwezekani. Wa nne ulipona. Mji mzima unajua. Angalia kitabu cha binti yangu, miaka mitatu, sita, sita, sita."

Mtaalamu aliangalia kitabu. Sita, sita, sita. Aliutazama mti, upande wake mkavu, ndevu zake chache. Uso wake ukawa mzito tena. "Miti kumi na mmoja imekubali," alisema. "Huu umeshuka nusu kweli. Pole, mzee. Huu mmoja unakufa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe mwekundu, ule wa kufunga miti inayosubiri shoka, akaanza kuuzungusha kwenye shina.

Mzee Kopo aliinamisha kichwa. Ukungu ulipita kati yao, mzito, na kwa muda Kimya hakuwaona, aliwasikia tu: baba yake akivuta pua, na utepe ukikwaruza ganda la mti.

"Uache," Kimya alisema. "Haujaugua. Huo tangu zamani ni tatu."

"Lakini, dada, umeandika sita wewe mwenyewe."

"Wa nne nilikuwa nautikisa mara mbili," Kimya alisema. "Nilikuwa nauonea huruma. Siku nyingine mara tatu."